Kupunguzwa kazi: Huduma za kutafuta ajira zaweza kuokoa kiinua mgongo

KIWANDA kinapopunguza wafanyakazi 200, hasara haiishii getini. Mwenye duka la rejareja aliyezoea kukopesha unga, mchele na mafuta ya kupikia hadi mwisho wa mwezi anabaki na daftari lisilolipwa. Mama lishe aliyekuwa akipika sufuria tatu anarudi kwenye moja. Mwenye nyumba anaanza kupigwa kalenda ya kodi, na chama cha akiba na mikopo kinaanza kuhesabu marejesho ambayo hayakuja.

Kwa sababu hiyo, suala la jinsi mtu aliyepoteza kazi anavyosaidiwa kupata nyingine si la wizara na vyama vya wafanyakazi peke yao. Kila mwezi ambao fundi mitambo, dereva au karani anakaa bila kipato ni mwezi ambao soko limepoteza mnunuzi, na mara nyingi limepoteza pia mdaiwa mwenye uwezo wa kulipa.

Huduma zinazozungumziwa hapa ni zile za kumwandikisha mtafuta kazi, kumpa taarifa za nafasi zilizopo, kumsaidia kuandika wasifu na barua ya maombi, kumwandaa kwa usaili, kuthibitisha ujuzi alionao na kumkutanisha na mwajiri. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kujenga chuo au kutoa mikopo ya mitaji. Swali la mfanyabiashara ni lile lile la siku zote: je, zinalipa, na zinamlipa nani?

SOMO LA MIAKA YA 1990

Tanzania ina uzoefu wake katika jambo hili. Baada ya Sheria ya Mashirika ya Umma ya mwaka 1992, Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma (PSRC) ilipewa jukumu la kuuza, kukodisha au kufunga mashirika yanayokaribia 400. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikipunguza watumishi wake, na hadi mwaka 1996 wapatao 50,000 walikuwa wameondolewa. Neno "redandansi" likawa la kawaida vijiweni na kwenye vituo vya basi.

Mjadala wa wakati ule ulikuwa zaidi juu ya malipo: nani analipwa, kiasi gani na lini. Kilichokuwa kikifuata baada ya malipo kilizungumzwa kidogo. Mtu aliyefanya kazi ya ufundi au ukarani kwa miaka 15 alipewa fedha kwa mkupuo na kuambiwa akajiajiri. Wengine walifanikiwa, na zipo biashara zilizoanzishwa kwa fedha hizo ambazo zimesimama hadi leo.

Lakini kasoro ya mpango huo inaonekana kwa yeyote anayejua soko. Watu waliolipwa wiki moja, katika mtaa mmoja, walielekea kufungua biashara za aina moja: kioski, genge, mashine ya kusaga, mradi wa kuku. Wateja waliotegemewa ni wafanyakazi wenzao, ambao nao mshahara wao ulikuwa umekatika siku ile ile. Wauzaji waliongezeka huku fedha ya wanunuzi ikipungua. Aliyekuwa na kipaji cha biashara alivuka. Aliyekuwa na kipaji cha kuchomelea vyuma au kutunza vitabu vya hesabu alipoteza mtaji na kubaki na ujuzi ambao hakuna aliyemsaidia kuuuza.

Sheria ya kukuza huduma za ajira nchini ilipitishwa mwaka 1999, wakati wimbi kubwa la kwanza la upunguzaji lilikuwa limekwisha kupita.

HESABU YA MIEZI SITA

Hali ya sasa ni tofauti kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi kutoa taarifa mapema, kueleza sababu na kushauriana na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe. Aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi analipwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, lakini hesabu hiyo inakomea miaka 10. Mwenye miaka 20 kazini, kwa kiwango hicho cha chini, hampiti mwenye miaka 10 kama mishahara yao ni sawa.

Aidha, mabadiliko ya sheria za hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 yalileta fao la kukosa ajira. Mwanachama wa NSSF aliyechangia si chini ya miezi 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi mwenye mshahara wa msingi wa sh. 600,000 kwa mwezi aliyemaliza miaka minane, akifanya kazi siku sita kwa wiki. Mshahara wake wa siku ni kama sh. 23,077. Kiinua mgongo chake ni takriban sh. 1,292,000. Fao la kukosa ajira litamletea sh. 199,800 kila mwezi, au karibu sh. 1,199,000 kwa miezi yote sita. Jumla ni kama sh. 2,491,000, bila kuhesabu notisi, likizo na madai mengine.

Familia yake ikitumia sh. 400,000 kwa mwezi kwa chakula, kodi, nauli na ada, miezi sita itameza sh. 2,400,000. Akipata kazi mwishoni mwa mwezi wa sita, mkononi atakuwa na sh. 91,000 hivi. Akiipata mwishoni mwa mwezi wa tatu, fao litakoma lakini atabakiwa na karibu sh. 691,000, na atakuwa amepokea mishahara mitatu ambayo vinginevyo asingeipata. Mishahara hiyo ni sh. 1,800,000, na sehemu kubwa yake huishia madukani, sokoni na kwa mwenye nyumba.

Kinachouzwa na huduma za kutafuta ajira ni hiyo miezi mitatu. Kama zinaweza kuipunguza hata kwa mmoja, zimelinda mtaji ambao huenda ndio pekee familia hiyo itaushika kwa miaka mingi.

KILICHOPIMWA KWINGINE

Upo ushahidi wa kutosha kuonyesha ni kipi kinachosaidia. Jaribio lililotangulia mengi ya baadaye lilifanyika katika mji wa Carbondale, jimbo la Illinois nchini Marekani, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1975. Mwanasaikolojia Nathan Azrin na wenzake waliunda klabu ya watafuta kazi. Wanachama walikutana kila siku, wakapeana habari za nafasi, wakasaidiana kuandika barua na kufanya mazoezi ya usaili. Baada ya miezi miwili, asilimia 90 ya wanaklabu walikuwa wamepata kazi, ikilinganishwa na asilimia 55 ya wenzao waliojitafutia wenyewe.

Karibu zaidi na nyumbani ni jaribio la Addis Ababa, Ethiopia, lililoanza mwaka 2014. Katika jiji hilo mbao kuu za matangazo ya kazi zipo katikati ya mji, na kijana anayekaa pembezoni analazimika kulipa nauli ili akazisome. Watafiti waligawa vijana katika makundi. Kundi moja lilipewa nauli. Kundi jingine lilipewa mafunzo mafupi ya kuandika maombi na kujibu usaili, pamoja na mitihani ya kupima uwezo na cheti cha matokeo. Misaada yote miwili ilisaidia kwa muda mfupi. Lakini baada ya miaka minne faida ya nauli ilikuwa haionekani tena, wakati waliopitia mafunzo na kupata cheti walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa takriban asilimia 20.

Nchini Afrika Kusini watafiti walipima nguvu ya barua ya mwajiri wa zamani. Maombi yaliyoambatanishwa na barua hiyo yalipata mwito wa waajiri kwa asilimia 60 zaidi ya yale yasiyo nayo, na wanawake waliohimizwa kuitafuta barua walikuwa na kiwango cha ajira mara mbili ya wenzao baada ya miezi mitatu. Katika jaribio jingine la nchi hiyo hiyo, watafuta kazi waliosaidiwa kuandika mpango wa wiki, yaani siku gani waende wapi na wapeleke maombi mangapi, walituma maombi mengi zaidi kwa asilimia 15 na uwezekano wao wa kuwa kazini uliongezeka kwa asilimia 26.

Mambo haya yanafanana kwa jambo moja. Mwajiri haogopi kuajiri. Anaogopa kuajiri asichokijua. Aliyefukuzwa kwa wizi na aliyepunguzwa kwa sababu mashine zimesimama wote wanafika mlangoni wakiwa hawana kazi. Tofauti yao iko kwenye karatasi. Asiye na karatasi anapewa bei ya chini, kama mzigo wa korosho ambao haujapangwa daraja.

Jimbo la Nevada, Marekani, lilionyesha jambo jingine mwaka 2009. Waliokuwa wakipokea fao la kukosa ajira waliitwa mapema kuhakikiwa kama bado wanastahili, na katika ziara hiyo hiyo, kwa ofisa huyo huyo, wakapewa msaada wa kutafuta kazi. Muda wao wa kulipwa fao ulipungua kwa wiki kama tatu. Mfuko ulipata nafuu na mfanyakazi alirudi kazini mapema.

Hapa kuna fursa ya wazi kwa Tanzania. Aliyepunguzwa kazi anakwenda mwenyewe kwenye dirisha la NSSF kudai fao lake. Kumkutanisha siku hiyo hiyo na mshauri wa ajira kungegharimu meza moja na viti viwili.

PALE ZINAPOSHINDWA

Hata hivyo, si kila kinachoitwa huduma ya ajira kinafaa kununuliwa. Nchini Ufaransa wachumi Bruno Crépon, Esther Duflo na wenzao walipima mpango uliowapa vijana wenye vyeti, waliokaa bila kazi kwa muda mrefu, msaada wa makampuni binafsi ya ajira. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa baada ya miezi minane waliosaidiwa walikuwa mbele, lakini baada ya miezi 12 faida ilikuwa imefifia. Zaidi ya hapo, sehemu ya faida hiyo ilipatikana kwa kuwapiku wenzao wasiosaidiwa katika eneo lile lile. Foleni ilipangwa upya, haikufupishwa.

Mchumi David McKenzie wa Benki ya Dunia naye alipitia majaribio mengi ya nchi zinazoendelea mwaka 2017. Kwa kila watu 100 waliopewa mafunzo ya ufundi, alikuta ni wachache kuliko watatu waliopata kazi ambayo wasingeipata bila mafunzo hayo. Huduma za kuunganisha mwajiri na mtafuta kazi nazo hazikuonyesha matokeo makubwa kwa wastani.

Maana yake ni kwamba huduma hizi haziumbi kazi. Katika mji ambao kiwanda pekee kimefungwa, kuandika wasifu mzuri kunabadilisha tu nani atangulie kwa nafasi mbili zilizobaki. Zinafaa pale ambapo nafasi zipo lakini habari haifiki, au ujuzi upo lakini hauonekani.

Mfanyabiashara wa nafaka analielewa hilo bila kufundishwa. Mkulima anayefika soko la Kibaigwa bila kujua mahindi yanauzwaje Tandale atauza kwa bei atakayopewa. Mtu anayejua bei za pande zote mbili haongezi gunia hata moja duniani, lakini anasogeza gunia kutoka lilipozagaa hadi linapohitajika. Fundi umeme wa viwandani aliyepunguzwa Morogoro huenda anasubiri kijiweni wakati kiwanda cha Mkuranga au Kibaha kimesimamisha mashine kwa kumkosa mtu kama yeye. Huduma ya ajira yenye manufaa ni ile inayovuka mipaka ya mkoa.

KILICHOPO NCHINI

Kwa upande wa serikali, huduma hii inafahamika kwa jina la TaESA, ambayo ilianza kama Wakala wa Huduma za Ajira. Kazi yake ni kuandikisha watafuta kazi, kupokea nafasi kutoka kwa waajiri, kutoa ushauri na mafunzo ya maandalizi, na kusimamia mawakala binafsi, wakiwemo wale wanaopeleka watu Oman na nchi nyingine za Ghuba. Nafasi za utumishi wa umma zina mlango wake, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo hupokea maombi kwa njia ya mtandao.

Kwa upande wa ujuzi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana kazini bila kupitia darasani. Huu ni mlango ambao wengi waliopunguzwa kazi hawaufahamu. Mtu aliyeendesha mashine ya kufuma kwa miaka 12 bila cheti anaweza kupimwa na kutoka na karatasi inayotambulika nje ya kiwanda alichokulia.

Mawakala binafsi nao wapo, na kwao tahadhari inahitajika. Kanuni za mwaka 2014 ziliwakataza kujifanya waajiri wa watu wanaowatafutia kazi. Malipo ya wakala hutakiwa kutoka kwa mwajiri, si kwa mtafuta kazi. Kwa hiyo yeyote anayeomba "hela ya fomu", "hela ya vipimo" au "hela ya kushika nafasi" kwa njia ya simu kabla ya usaili anapaswa kutiliwa shaka mara moja. Kiinua mgongo kina harufu, na matapeli hufika kabla ya waajiri.

Udhaifu mkubwa wa mfumo ni kwamba nafasi nyingi hazifiki huko. Maduka, gereji, maghala, mashine za kukoboa na makampuni ya usafirishaji huajiri kwa kuulizana: ndugu, jirani, mtu wa kanisani au msikitini. Njia hiyo ni rahisi na ina dhamana yake, kwani aliyemleta mtu anaulizwa mtu akiharibu. Lakini inamwacha nje yule ambaye jamaa zake wote walikuwa kiwanda kimoja na wamepunguzwa siku moja.

LA KUFANYA KWA WENYE BIASHARA

Kwa mwajiri anayelazimika kupunguza watu, hatua zenye gharama ndogo zipo, na zinafanyika kabla geti halijafungwa.

Kwanza ni cheti cha utumishi. Sheria inamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma. Kinachozidi sheria ni barua fupi inayoeleza mtu alifanya kazi gani hasa, kwa mashine ipi au vitabu vipi, na kwamba ameondoka kwa sababu ya kupunguzwa. Barua hiyo ni nusu saa ya meneja.

Pili ni muda. Pendekezo Na. 166 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1982 linasema mfanyakazi aliye kwenye notisi apewe muda wa kutosha wa kutafuta kazi nyingine bila kukatwa mshahara. Siku moja kwa wiki katika notisi ya siku 28 ni siku nne tu.

Tatu ni kuwaita watu wa huduma za ajira, VETA na NSSF kiwandani kwa siku moja wakati watu bado wako pamoja. Wakishatawanyika, kuwapata mmoja mmoja ni kazi kubwa. Siku hiyo hiyo inaweza kuzaa vikundi vya watu 10 au 15 watakaoendelea kukutana kila wiki na kupeana habari, kwa mtindo ule wa Carbondale, jambo ambalo haligharimu chochote zaidi ya mahali pa kukaa.

Nne ni orodha. Mwajiri anawajua wasambazaji wake, wateja wake na washindani wake. Kuwatumia orodha ya kazi na ujuzi wa wanaoondoka, kwa ridhaa yao, kunaweza kuleta nafasi ambazo hazitabandikwa ukutani kamwe.

Kwa mfanyabiashara mdogo anayetafuta mtunza stoo, muuzaji au dereva, aliyepunguzwa kazi ni mtu aliyekwisha kufundishwa kwa gharama ya mwingine. Anajua kuwahi, kuandika leja na kufuata maelekezo. Kabla ya kumpa ufunguo kijana wa jirani ambaye hajawahi kushika kazi, inafaa kuomba majina matatu kwenye ofisi ya huduma za ajira, kuona vyeti vyao vya utumishi na kumpigia simu mwajiri wa awali.

Kwa mwenye hisa, upunguzaji una sura nyingine. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lianze mauzo mwezi Aprili 1998, wawekezaji wadogo wamezoea kusikia kwamba kampuni "inapunguza gharama" na kuona hiyo kama habari njema. Gharama ya kuwaondoa watu huonekana kwenye hesabu za mwaka huo. Gharama ya kesi zinazopelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, au ya kutafuta upya mafundi wale wale biashara inapochangamka, huja baadaye na haina mstari wake. Kwenye mkutano mkuu, mwanahisa ana haki ya kuuliza kampuni ilipunguza watu wangapi, mashauriano yalifanyikaje, mashauri mangapi yamefunguliwa, na kama kumbukumbu za waliopunguzwa zimetunzwa ili waitwe kwanza nafasi zikirudi.

Kwa aliyepunguzwa mwenyewe, mpangilio wa wiki ya kwanza ndio unaoamua mengi. Achukue cheti cha utumishi na barua kabla ya kuaga. Afungue madai ya fao NSSF bila kusubiri. Ajiandikishe kwenye huduma za ajira na aulize VETA kuhusu kupimwa ujuzi. Kiinua mgongo kikae benki, na uamuzi wa kufungua biashara usubiri mpaka ajue soko la ujuzi wake likoje, kwani kioski kinaweza kufunguliwa mwezi wa nne kama kilivyoweza kufunguliwa mwezi wa kwanza, lakini fedha iliyokwisha kulala kwenye bidhaa zisizotoka haiwezi kulipa nauli ya kwenda kwenye usaili.